Ngoma Niliyompigisha Kukhu Mmbone

Kuna ukumbi mmoja hapa mjini Kakamega ambao nikiupita huwa nainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano, na wenzangu wa chama cha waandishi, ambao wanajua sababu, husubiri tufike karibu na mlango ndipo waanze kujipiga mapaja kama wacheza ngoma. Leo nasimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu aibu hii imesimuliwa na watu wengi mno hata juzi nimeisikia kwa kinyozi Sigalagala, na katika masimulizi ya huko mimi nilikimbia kupitia dirishani. Sikukimbia. Madirisha ya ukumbi ule yana vyuma.

Ilianza na Mwalimu Shisia, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji huu na kuichapa nusu hiyo hiyo. Yeye na wastaafu wenzake waliamua kwamba ukutani mwa ukumbi yawekwe mabango manne yenye wasifu mfupi wa watu wetu mashuhuri: mwanamuziki, mwandishi, mwanasiasa na mwanasayansi, ili vijana wanaokuja kusomea pale wajue kwamba ukubwa haukutoka mbali. Akaniita mimi niandike, kwa kuwa nimechapisha riwaya (moja, nyembamba, ambayo mama yangu ameiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na kama vile vikombe, haiguswi).

"Maneno mia mbili kwa kila mtu," akasema Mwalimu. "Na usiweke jambo ambalo hukuambiwa na mtu."

"Ndiyo, Mwalimu," nikajibu kwa ile sauti ambayo nimeitumia kwa walimu tangu darasa la kwanza, sauti inayoahidi kila kitu.

Sasa, ugonjwa wangu mimi ni kutaka kujua. Nikisikia kwamba mtu alikuwa mwanasayansi, sitaki kujua alipata shahada gani. Nataka kujua asubuhi yenyewe, siku ambayo mtoto fulani aliinama njiani kumtazama mdudu na wenzake wakamwacha nyuma. Kila maisha makubwa yana asubuhi yake, naamini hivyo mpaka leo. Lakini nilipozitembelea familia za wale watatu waliokwisha kufariki, niliambiwa walizaliwa, wakasoma, wakaoa au wakaolewa, wakapata watoto wafuatao (na watoto wakatajwa wote kwa mpangilio, na kazi zao, na hata yule asiye na kazi akatajwa kwamba anatafuta), lakini asubuhi ile hakuna aliyeijua. Mabango yangu yakawa yanasomeka kama fomu.

Ndipo nikafanya uamuzi, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana: sentensi moja tu ya kutunga kwa kila mtu. Mwanasayansi, ambaye alichunguza wadudu wa msituni, nikasema utotoni alifuga siafu ndani ya mkebe. Mwanasiasa nikamtembeza miguu mitupu kutoka Butere hadi Kakamega kwenda kwenye mkutano wake wa kwanza, viatu kavibana kwapani ili visichakae. Mwandishi nikamwandikisha hadithi yake ya kwanza kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni kwa mama yake. Vitu vidogo, kama chumvi. Nani aliwahi kuumizwa na chumvi?

Wa nne alikuwa hai.

Kukhu Mmbone (kukhu ni nyanya kwa lugha ya huku, na kila mtu humwita hivyo hata wasiokuwa wajukuu wake) ndiye aliyetunga nyimbo za harusi ambazo bila hizo bibi harusi wa upande wetu hajisikii ametoka kwao. Nilimkuta nyumbani kwake ng'ambo ya Sigalagala, na kaka yake, Kuka Ingosi, yaani babu Ingosi, alikuwa amevuka ua kuja kula kwa dada yake kama afanyavyo kila siku. Huyu ndiye kiongozi wa kikundi cha isukuti, ile ngoma ya huku, na ngoma zake tatu alizirithi kwa baba yao. Nikafungua daftari.

"Kukhu, ulianzaje muziki?"

"Nilianza tu."

"Lakini siku ya kwanza kabisa?"

"Siku ya kwanza ilikuwa kama siku zingine. Kula, obusuma inapoa," akanisogezea ugali.

"Huyu usijisumbue naye," Kuka Ingosi akanicheka. "Hata akiwa mtoto alikuwa hivyo. Ukimuuliza jina lake anakuambia liko."

Kwenye sahani yangu ya ingokho, yaani kuku, Kukhu alikuwa ameweka firigisi, ambayo kwa desturi ni ya mwanamume mkubwa wa pale, naye aliniwekea kwa heshima tu ili mimi nami nimpe kaka yake kwa heshima, na mimi (mtoto wa mjini, njaa, daftari mkononi) nikaimeza kabla sijaona macho ya Kuka Ingosi yakiifuata mpaka kooni. Nikarudi mjini nimeshiba, na daftari lina maneno mawili: "Nilianza tu."

Nilikaa mezani kwangu siku tatu na maneno hayo mawili. Nilijua kwamba isukuti hupigwa na wanaume, na wanawake huimba na kucheza mbele ya ngoma, na nilisikia kwamba kwenye boma la kina Ingosi mwiko huo ulikuwa mkali, mwanamke hagusi hata kamba ya ngoma. Na ndicho kilichonivutia. Nikaandika hivi:

"Akiwa msichana wa miaka tisa, saa za mchana watu wazima walipokuwa wamejilaza, alinyata hadi nyuma ya ghala la baba yake, akaitungua ile ngoma ndogo kwenye msumari, akaipiga kwa vidole viwili, polepole, sauti isivuke ua."

Nikaisoma kwa sauti, nikasisimka. (Mwandishi akisisimkwa na sentensi yake mwenyewe, jamani, mnyang'anyeni kalamu hapo hapo.)

Siku ya kuyazindua mabango ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limetoka baada ya mvua, ukumbi umejaa. Familia zote nne zilikuja. Kukhu Mmbone alikaa mstari wa mbele akiwa na kitambaa kipya kichwani. Kikundi cha Kuka Ingosi kilialikwa kutumbuiza, ila ngozi za ngoma zile ni za kenge, na unyevu ukiingia zinalegea, kwa hiyo wakazianika kwenye nyasi nje zipate moto na kukaza, na wao wakaingia ndani kungoja.

Mwana wa yule mwanasiasa alitangulia kuzungumza. Nilimwona dakika kumi kabla akilisoma bango la baba yake, mikono nyuma, na sasa akawa anawaambia watu, sauti ikimtetemeka, kuhusu baba aliyetembea miguu mitupu kutoka Butere, viatu kwapani, kwa ajili yenu wananchi. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akajifuta macho. Na mimi kule pembeni, badala ya kuogopa, nikavimba kifua. Rafiki yangu Lihanda, mshairi wa chama chetu na mtu pekee niliyemdokezea siri ya zile sentensi, akaninong'oneza, "Msee, hii itakuchomea." Nikamwambia anyamaze.

Kisha Kuka Ingosi akasimama mbele ya bango la dada yake, akalitazama, akapapasa mifuko ya koti.

"Miwani nimeacha nyumbani. Kijana, si wewe ndiye uliandika? Hebu nisomee."

Ningeweza kumsomea polepole sikioni. Lakini mshereheshaji alikuwa amesikia, akaniletea kipaza sauti: "Soma watu wote wasikie!" Nami nikasoma, jamani, nikasoma kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo, nikituliza sauti mahali pa kutuliza, na wapiga ngoma wakatabasamu nilipotaja nyimbo, na akina mama wakapiga vigelegele, mpaka nikafika nyuma ya ghala.

Kuka Ingosi akavua kofia. "Hapo," akasema. "Rudia hapo."

Nikadhani amependa. Nikarudia, kwa hisia zaidi. Nikairefusha ile "polepole".

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wale wapiga ngoma walikuwa wanatazama sakafu. Mzee akageuka taratibu kuelekea mstari wa mbele.

"Mmbone."

"Eeh."

"Ulimwambia huyu kijana?"

"Sikumwambia kitu," akasema Kukhu, kisha akanitazama mimi, na katika maisha yangu sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Alinitazama kama mtu anayemwona mgeni akitoka katika chumba ambacho mlango wake haukuwahi kufunguliwa.

Kuka Ingosi hakuhitaji kipaza sauti. "Watu wetu," akasema, "ile ngoma ndogo ilipasuka nikiwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tunaenda kucheza kwa mazishi ya mzee mkubwa. Baba akaitoa, akaona ngozi imepasuka. Akaniuliza, Ingosi, nani amegusa? Nikasema si mimi. Sasa nani mwingine? Mimi ndiye nilikuwa kijana peke yangu kwa boma. Kila nikikana nilichapwanga. Akanitoa kwa ngoma miaka miwili, akasema mbele ya wajomba, huyu mtoto ni mwongo. Na baba amekufa akijua mimi ni mwongo." Akaikunja kofia mkononi. "Kumbe."

Hilo "kumbe" lilikuwa dogo na lilienea ukumbi mzima. Nikaona wazee wawili hawa, ambao wamekula pamoja kila mchana tangu wajane na wagane wao walipowaacha... nasema vibaya, tangu mke wa huyu na mume wa yule walipofariki, nikaona wanakaribia kuachana mbele ya watu kwa sababu ya sentensi ambayo mimi niliiokota hewani. Na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Kuka," nikasema, "nilitunga."

"Ulitunga nini?"

"Hiyo ya ngoma. Kukhu hakuniambia. Nilikaa kwangu tu nikaitunga."

"Ulitunga ngoma ndogo?"

"Ndiyo, Kuka."

"Na saa za mchana?"

"Ndiyo."

"Na nyuma ya ghala?"

"Kuka, maboma mengi yana ghala."

"Kijana, wewe ni mwandishi ama ni mganga?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka, na nikaona haniamini hata kidogo, anadhani namfichia dada yake. Hapo nilikuwa na njia moja tu ya kuthibitisha kwamba mimi ni mwongo kamili, nayo ilikuwa kuutoa uongo wote. Nikanyoosha kidole ukutani.

"Hata siafu wa mwanasayansi nilitunga."

"Ndiyo nikashangaa!" akapaza sauti binti ya mwanasayansi, mwuguzi, akisimama. "Mama alikuwa anaogopa siafu mpaka anapanda juu ya kitanda!"

"Na ile ya makaa kwenye ukuta wa jikoni."

Mjukuu wa mwandishi akainua mkono. "Yetu iacheni. Babu angeipenda."

"Na ya miguu mitupu."

"Hiyo hapana," mwana wa mwanasiasa akasema kwa ukali. "Hiyo ni ya kweli. Baba aliniambia mwenyewe."

"Miguu mitupu gani?" sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma kabisa. "Baba yako alikuwa na baiskeli! Alikuwa ananibebanga!"

Siwezi kueleza kelele iliyofuata. Kuna waliocheka mpaka wakashikilia viti, kuna waliotaka mabango yang'olewe hapo hapo, na yule mama aliyejifuta machozi akawa anaulizia atarudishiwaje machozi yake. Mwalimu Shisia akaja mbele, akaninyang'anya kipaza sauti.

"Keti chini," akaniambia. Nikaketi. "Hapana. Simama. Ili wakuone."

Nikasimama, wakaniona.

Lakini, kusema kweli, chini ya ile aibu nilikuwa nimeanza kupumua, kwa sababu Kuka Ingosi sasa aliniamini. Alikuwa akiipangusa kofia yake. "Basi," akasema, "ni uongo wa kijana. Nisamehe, Mmbone. Nimekusingizia mbele ya watu." Yote yangeweza kuishia pale: mimi ni mwongo, Kukhu ni safi, na wale wawili wangerudi kula pamoja mchana ule ule. Ilibaki Kukhu anyamaze tu, na kunyamaza alikuwa akikujua kuliko mtu yeyote.

Akasimama. Akajifunga vizuri leso yake kiunoni.

"Kijana ametunga," akasema. "Hakuna siku nilimwambia. Lakini kuna mahali amekosea."

Na mimi, nikiwa katikati ya fedheha, nimesimamishwa kama mwizi wa kuku, ule ugonjwa wangu ukanishinda. "Wapi, Kukhu?"

"Hizo vidole viwili. Ngoma haiwezi kupasuka na vidole viwili." Akainua mkono wake wa kulia, kiganja wazi, akautazama kama kwamba si wake. "Niliipiga na mkono wote. Niliipiga mpaka nikasahau niko wapi. Ikapasuka. Nikairudisha kwa msumari wake. Na jioni nikakusikia ukichapwa, Ingosi, nilikuwa nyuma ya nyumba nimejishika mdomo."

Tulisikia pikipiki zikipita barabarani.

"Kwa nini hukusema?" Kuka Ingosi akauliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto.

"Nani aliniuliza? Baba alikuuliza wewe. Akauliza wajomba, akauliza mpaka jirani. Mimi nilikuwa msichana, hakuna mtu aliona naweza kuwa nimegusa. Kwanza niliogopa kiboko. Halafu nikaogopa wewe. Na sasa wewe unaniomba msamaha mbele ya watu, mimi. Hapana. Hiyo siwezi kubeba."

Mzee akasimama pale, kofia mikononi, na watu wakangoja aseme kitu kikubwa, amkumbatie dada yake, au atoke nje asirudi. Mimi niliyeandika riwaya nzima kuhusu mioyo ya watu sikuweza kukisia. Akanigeukia.

"Kijana. Una kalamu?"

Nilikuwa na kalamu nene ya wino mweusi, ile tuliyoandikia majina ya wageni.

"Panda kwa kiti. Andika hapo kwa bango: Kaka yake hakupasua ngoma."

"Mzee Ingosi," Mwalimu Shisia akajaribu, "hilo bango ni jipya."

"Ndiyo maana iandikwe leo."

Nikapanda kwenye kiti. Kiti kikayumba, na Mwalimu Shisia, aliyenifundisha kushika kalamu nikiwa na miaka sita, akaja akakishika miguu. Nikaandika, na herufi zikaanza kuteremka.

"Ongeza: Alichapwa bure."

"Kuka, nafasi imeisha."

"Andika kwa pembe."

"Mwandikie," Kukhu akasema kutoka chini. "Na hizo vidole viwili ufute."

Nikaandika pembeni, nikafuta vidole viwili. Mzee akanitaka nisome, nami nikasoma bila madoido yoyote, maneno sita yote kwa jumla. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavaa kofia yake, akaenda nje kuangalia kama ngoma zimepata moto.

Watu huniuliza kama siku ile Kukhu alipewa ngoma apige. Hakupewa, na hakuomba. Zilipopigwa alitoka akaimba mbele ya ngoma kama ambavyo ameimba siku zote, na kaka yake alimpigia, na walipoondoka waliondoka pamoja bila kuongea. Waliongea nini baadaye nyumbani sijui, na ingawa ulimi unaniwasha, sijawahi kwenda kuuliza.

Mabango mengine matatu yaliteremshwa Jumatatu. Nilirudi nyumba kwa nyumba (kwa mwana wa mwanasiasa nilizungumzia getini), na safari hii niliuliza maswali madogo, juu ya vyombo, na njia za kwenda kisimani, na nani alichapwa kwa kosa gani, na mahali nisipojibiwa niliandika neno moja ambalo tulibishana na Mwalimu Shisia wiki nzima kabla hajalikubali: hatujui. Hatujui alianzaje kuwapenda wadudu. Neno hilo linaniuma kila ninapoliona ukutani, lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba nikiandika maisha ya mtu aliyeishi kweli sitamwazima asubuhi ambayo hakuniambia, hata ikiwa nzuri kiasi gani, na hasa ikiwa nzuri.

Bango la Kukhu Mmbone halikuguswa. Liko pale pale na mwandiko wake uliopinda, na vijana wakiingia kusoma, mbele ya hilo ndipo husimama muda mrefu kuliko mabango yote. Wanasoma sentensi mbili zilizoongezwa kwa kalamu, wanaulizana, wanazisoma tena. Hata moja si yangu.